Mteja kakulalamikia kwenye komenti? Usifute, soma hapa kwanza

Mi nasimamia peji za wafanyabiashara wadogo hapa Dar, wauza keki, wauza mashuka, saluni mbili tatu, na kinachowaangusha wengi sio kamera mbovu wala kukosa hela ya kulipia matangazo, ni komenti moja tu ya mteja aliyekasirika na namna walivyoijibu.

Chukua hii niliyoishuhudia. Keki ya kipaimara imetoka Sinza kwenda Mbagala kwa bodaboda, jua la saa saba, matuta yote yale ya njiani, imefika krimu imehamia kwenye mfuniko wa boksi na jina la mtoto limebaki nusu. Mteja kapiga picha, akaandika chini ya keki nzuri kuliko zote kwenye peji: "Hii ndo mliyoniletea, 85,000 yangu." Mwenye duka akapaniki akafuta. Dakika kumi hazijaisha mteja karudi na skrinshoti, kaiweka kwenye stori yake, kaipeleka na kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, na hapo hakuna anayeongelea krimu tena, watu wote wanasema "hao matapeli, wanafuta komenti." Krimu ingesameheka jioni ile ile. Kufuta ndo kulikoleta balaa.

Kwaiyo cha kwanza kabisa, mkono usiguse kitufe cha kufuta. Piga skrinshoti ya komenti na picha alizoweka, zihifadhi. Alafu simamisha posti zote ulizopanga zitoke zenyewe, maana hakuna kitu kinaumiza mteja kama kuona unatangaza ofa ya wikiendi wakati yeye hajajibiwa. Na kama una hasira, mpe simu mtu mwingine aandike. Nasema kwa upendo kabisa, jibu la shombo unaloandika saa tatu usiku litakuwa linazunguka kwenye magrupu mpaka kesho kutwa na hutaweza kulirudisha.

Sasa jibu lenyewe. Lijibu pale pale aliposemea. Akikomenti Instagram jibu kwenye komenti, akitoa video TikTok mjibu kwa video, kule kuna sehemu ya kujibu komenti kwa video na watu wakiona uso wako wanapoa haraka kuliko wakisoma maandishi. Ile tabia ya kuandika "njoo DM" peke yake iache, wanaopita pale wanaona unamvuta pembeni ukamnyamazishe.

Na tafadhali usiandike "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Hilo neno "wowote" ndo sumu. Mtu kakuwekea picha ya keki iliyobondeka, usumbufu unaonekana kwa macho, we unamwambia "wowote" kama vile hujui ni upi. Mbaya zaidi ni "samahani kama umekwazika", yani kosa umelihamishia kwenye moyo wake. Andika kosa kwa jina lake. Siku ile tulikuja kuandika hivi:

"Dada pole sana, na samahani. Keki imekufikia krimu imeharibika na jina la mtoto halisomeki. Kosa ni letu, tuliipakia kwenye bodaboda na safari tulijua ni ndefu. Tunakurudishia 85,000 yote leo kabla ya saa nne usiku. Na komenti yako ya kwanza tuliifuta, hatukupaswa, samahani kwa hilo pia. Nimekutumia DM sasa hivi tuthibitishe namba. Ni mimi mwenye duka."

Angalia ilivyo: pole imetangulia, kosa limetajwa, sababu imetajwa bila kumtupia lawama kijana wa boda, kiasi kipo, saa ipo, na aliyeandika amejitaja. DM imekuja mwisho, kwa ajili ya namba tu. Na ukiahidi saa nne, hela iingie saa tatu na nusu.

Kama bado hujajua kilichotokea usijitungie. Andika "Nimeona kaka, naongea na aliyekuletea mzigo, nakujibu hapa hapa kabla ya saa kumi na mbili jioni", na saa kumi na mbili ikifika rudi, hata kama jibu bado hujapata, rudi umwambie umefikia wapi.

Hata makampuni makubwa yanajikwaa hapo hapo. Aprili 2017 abiria alikokotwa kutolewa kwenye ndege ya United kule Chicago, abiria wenzake wakarekodi, na tamko la kwanza la bosi wa kampuni likaomba radhi kwa kulazimika "kuwapangia upya" abiria. Kukokotwa hakulitaja. Watu wakawaka mara mbili, ikabidi atoe tamko jingine akiri kwamba hakuna mtu anayestahili kutendewa vile. Mwaka uliofuata KFC kule Uingereza walibadilisha msambazaji, kuku wakakosekana, zaidi ya nusu ya migahawa yao karibu 900 ikafungwa. Wao walinunua ukurasa mzima wa gazeti, wakaweka ndoo tupu, wakasema wazi kwamba mgahawa wa kuku umeishiwa kuku, na wakawaomba radhi hasa waliofunga safari wakakuta pamefungwa. Hakuna "wowote" pale.

Ukisharudisha hela, usiposti meseji ya muamala kuonyesha kwamba umelipa. Ina jina na namba ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na Kenya Septemba 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Andika tu "tumemaliza na dada, asante kwa kutuvumilia." Na usimuombe afute komenti yake, akitaka atafuta mwenyewe.

Kuna komenti za kufuta, ndiyo. Matusi, namba za simu za watu, matangazo ya mikopo ya uongo. Ila sheria zako ziandike mapema ziwe juu ya peji, isionekane umezitunga leo. Na mtu unayehisi hajawahi kununua kwako, usimuite muongo, muulize kwa heshima oda ilikuwa ya lini na jina gani lilitumika, kupitia DM. Wa uongo mara nyingi anapotea hapo, na wa kweli anakutumia risiti.

Kilichoharibika kirekebishe kweli, sio mdomoni. Yule mama mwenye duka sa hivi keki yoyote inayovuka mto inapanda gari, bei ya usafiri anaitaja kabla ya oda, na boksi linapigwa picha likiwa wazi dukani na tena mlangoni kwa mteja. Posti ya kwanza baada ya siku zile tulisubiri siku mbili, hatukuweka ofa wala maneno mengi, tuliweka video ya sekunde ishirini, boksi linafunguliwa Mbagala, krimu imesimama, jina la mtoto linasomeka lote.