Duniani Wawili Wawili: Namna ya Kumwandika Kifani

Wiki jana kijana aliyekuja kupigwa picha za pasi aliliona daftari langu kwenye kaunta akauliza, "Mzee, kumbe unaandika hadithi za majini?" Nikamwambia za majini siziwezi, naandika za watu wawili wawili. Nina studio ndogo ghorofa ya pili, karibu na River Road, mwaka wa 22 sasa, na jioni wateja wakiisha nafungua daftari. Akaniomba nimwonyeshe namna. Haya ndiyo niliyomwambia nikisubiri picha zake zikauke, pamoja na niliyoyakumbuka alipokwisha kushuka ngazi.

Kwanza jina. Mtu anayefanana nawe kama picha yako, Wajerumani wana neno lake, Doppelgänger, alilolibuni mwandishi Jean Paul mwaka 1796. Mimi natumia kifani. Tukisema fulani hana kifani huwa tunamsifu. Ukiandika hadithi hizi kwa muda utaona kwamba tunampa na hongera, ya kuepukana na balaa.

Usianze na ngome wala popo. Hadithi za Kigothi, zile za kutisha za majumba ya kale, zilianzia ngomeni, Uingereza, mwaka 1764, na huko ngome zilikuwepo. Hapa Nairobi anza na salamu. Mtu amkabili mhusika wako: "Jana nimekuona Gikomba, nimekuita mara tatu, ukaniangalia ukapita. Kwani nimekukosea nini?" Jana mhusika alikuwa kitandani kwake, mtaa wa Umoja, ana homa. Hakuna damu hapo, hakuna mzuka, lakini tayari ana kesi, maana kwetu kunyimana salamu si jambo dogo. Atafanya nini? Kwa kuwa ni mtu wa kupenda amani, atasema, "Samahani ndugu yangu, nilikuwa na mawazo mengi." Basi. Ameomba radhi kwa kosa la mwingine, na kwa kuomba radhi amekiri kwamba yule wa Gikomba alikuwa yeye. Mlango kaufungua mwenyewe. Mimi huandika sentensi hiyo ya radhi polepole kuliko zote, kwa sababu hadithi nzima inaning'inia pale.

Kisha wape wengine wamwone kabla ya mhusika. Hapa nitakaa kidogo. Katika hadithi yangu moja mhusika anarudi saa nne usiku, soja wa getini anammulika tochi usoni, anasita.

"Si umeingia sasa hivi?"

"Mimi? Ndiyo nafika."

"Umeingia. Tena leo umenisalimia."

Hilo "tena leo" limefanya kazi mbili. Limetuambia kuna mtu juu, na limetuambia kwamba mhusika wetu hajawahi kumsalimia soja huyu. Rasimu ya kwanza nilimpandisha ngazi gizani, stima imepotea ploti nzima, dirisha lake tu linawaka. Nilipoisoma asubuhi nikaona aibu. Nikafuta. Sasa anafungua mlango, hakuna mtu, ila sufuria ya chai bado ina joto na vikombe vyote vimeoshwa, vimefudikizwa juu ya kitambaa safi. Yeye ni mtu wa kuacha vikombe kwenye sinki hadi Jumapili.

Kutoka hapo lazima uamue: kifani ni mbaya kuliko mhusika, au ni bora? Njia ya ubaya ameipita mwandishi Stevenson mwaka 1886, kwa hadithi ya Daktari Jekyll anayekunywa dawa akageuka Hyde, mtu mwovu, na Hyde wake amejulikana mpaka amezoeleka. Ukitaka kujifunza kitu kwake, achana na dawa, tazama nyumba: Daktari Jekyll ana mlango wa heshima mbele, na nyuma, kwenye kichochoro, kuna mlango uliochakaa ambao ndio wa Hyde. Jengo ni hilohilo. Jiji letu limejaa majengo ya namna hiyo, mbele kioo na marumaru, nyuma mtaro na majani ya kabeji. Ukitaka kumpa kifani pa kuishi, usitafute makaburi, zunguka jengo.

Njia ya ubora naiona ina sumu zaidi. Poe, mwandishi Mmarekani, mwaka 1839, alimpa mhusika wake William Wilson mwenzake wa jina hilohilo na siku hiyohiyo ya kuzaliwa, asiyeweza kupaza sauti zaidi ya mnong'ono, na kazi ya mnong'ono huo ni kumkataza maovu. Dostoyevsky, Mrusi, mwaka 1846, alimleta kifani wa karani Golyadkin ofisini kwake, akapata kazi palepale, na wakubwa wakampenda yeye. Hiyo ya ofisi hunikosesha usingizi. Ipeleke mbele kidogo: mama anapiga simu kutoka kijijini. "Ahsante mwanangu kwa zile elfu mbili. Na ahsante kwa kunipigia jana, tumeongea sana." Mhusika hajatuma kitu tangu Pasaka. Ajibu nini? Akikana, mama ataumia. Akinyamaza, ameiba shukrani za mtu.

Sasa sura ya kifani. Asifanane mia kwa mia, weka tofauti moja, ndogo, na kazi yangu imenifundisha ndogo kiasi gani. Mama mmoja muuza nguo alinikatalia picha mara mbili. "Huyu ananifanana, lakini si mimi." Nilibadilisha taa, nikampiga upya, akatikisa kichwa tena. Alikuwa na kovu jembamba juu ya nyusi ya kushoto. Nikaigeuza picha kwenye kompyuta, kulia ikawa kushoto, kama kwenye kioo. Akatabasamu: "Haya, sasa huyu ndiye." Nilibaki nikiitazama ile picha alipokwisha kuondoka. Yule aliyemkataa ndiye anayejulikana na mumewe, watoto wake na wateja wake wote. Yule aliyemkubali anaishi kwenye kioo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukutana naye.

Kwa hiyo mgeuze kifani wako hivyohivyo. Saa mkono wa pili, kovu upande wa pili. Litaje mara moja tu, katikati ya sentensi inayohusu jambo jingine, kama bei ya nyanya. Msomaji ataliokota mwenyewe.

Kuhusu kwa nini mwili husisimka, Freud, yule daktari wa mambo ya nafsi, aliandika insha nzima mwaka 1919, na kiini chake ni neno. Kwa Kijerumani heimlich ni kitu cha nyumbani, kilichozoeleka, na papo hapo ni kitu kilichofichwa. Watu huona ajabu, lakini Kiswahili kinalo hilo tayari: mambo ya ndani. Ya ndani ni ya nyumbani, na ya ndani ni ya siri. Ndiyo maana sufuria yenye joto hutisha kuliko fuvu. Humo humo Freud anasimulia alivyokuwa peke yake kwenye behewa la kulala, treni ikashtuka, mlango wa chumba cha kunawia ukafunguka, akaingia mzee mwenye joho na kofia ya safari. Akaruka kumwambia amekosea chumba. Kumbe ni kioo mlangoni, mzee ni yeye. Na anakiri kwamba sura ya mzee yule hakuipenda hata kidogo.

Usieleze mwisho. Niliwahi kumaliza kwa kusema kifani ni pacha aliyepotea hospitalini wakati wa kuzaliwa. Mpwa wangu alisoma, akauliza, "Sasa si wafanye sherehe?" Pacha ana mama, ana cheti cha kuzaliwa, ana haki ya urithi. Hiyo ni kesi ya shamba. Vilevile usiseme ilikuwa ndoto.

Kama hujui pa kuanzia, fanya hivi usiku huu. Picha za pasi hapa kwangu hutoka nne kwa karatasi, ofisi huchukua mbili, kwa hiyo nina hakika unazo mbili mahali fulani kwenye droo. Chukua moja na kioo kidogo cha mkononi. Kisimamishe kioo wima juu ya pua, upande wa kushoto ujikamilishe wenyewe. Mtazame huyo mtu. Geuza kioo, mtazame wa kulia. Hawatafanana, mmoja atakuwa mwembamba, mwingine ana uso wa mtu aliyekula vizuri. Andika majina yako mawili, kila mmoja apate lake, kisha amua ni yupi aliyempigia mama jana.