Kusoma katuni kwa jicho la mchoraji: vitabu viwili vya Tintin

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora humaliza kitabu cha katuni kwa dakika ishirini. Ukiwauliza mhusika alikuwa amesimama wapi, wanakutazama tu. Wamesoma maneno, picha zimewapita. Zoezi ninalowapa ni hili, kwa vitabu viwili vya Hergé, Mbelgiji aliyeanza kumchora Tintin, kijana mwandishi wa habari, Januari 1929: Tintin au Congo (1930–31) na Le Lotus bleu (1934–35), hadithi ya Tintin huko China. Piga fotokopi kurasa chache, kitabu chenyewe kiache salama.

1. Funika maputo ya maneno kwa vipande vya karatasi, kisha jaribu kusimulia ukurasa. Utashangaa utakavyofika mbali: matone yanayoruka kichwani ni mshtuko, vumbi nyuma ya visigino ni mbio. Ukikwama, weka alama. Hapo ndipo maneno yanapobeba mzigo.

2. Bandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyembamba juu yake, ufuatishe kisanduku kimoja, yaani picha moja na fremu yake, kwa penseli. Mkono hugundua mambo kabla ya jicho. Uso wa Tintin ni nukta mbili na kipua, basi. Lakini gari lililo nyuma yake limechorwa kama la kumwelekeza fundi.

3. Tazama kisanduku cha mwisho, chini kulia. Hadithi hizi zilitoka kila Alhamisi katika Le Petit Vingtième, jarida la watoto, kwa hiyo ukurasa mara nyingi hukatika mtu akiwa mlangoni au bastola imeshatolewa. Msomaji arudi wiki ijayo.

4. Sasa fungua Le Lotus bleu, acha wahusika, soma kuta. Hii ndiyo hatua ninayoipenda, nami huikalia saa nzima. Mwaka 1934 Hergé alikutana na Zhang Chongren, kijana wa Kichina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels. Zhang alimweleza China ilivyo, akamwonyesha kushika brashi, na maandishi ya Kichina kwenye mabango ya mitaani yakawa maandishi ya kweli: mojawapo linasema ubeberu uangamie. Mtoto wa Ubelgiji hakuyaelewa, lakini yamo. Kisha tafuta pale reli inapolipuliwa, mfano wa tukio la Mukden la 1931, pale wanajeshi wa Japani walipolipua reli wenyewe huko China na kuwasingizia Wachina, ufuate habari ikitoka kinywa hadi kinywa. Uongo unanenepa kisanduku hadi kisanduku, na hakuna msimulizi anayekuambia kuwa ni uongo. Picha imeshakuonyesha.

5. Weka kitabu cha Congo kando ya hicho, uvilinganishe. Hergé hakuwahi kukanyaga huko. Alichora kwa kusikia na kwa mawazo ya kikoloni ya nyumbani kwao. Wapo wanaoniambia ni kitabu cha zamani, tukisamehe. Sibishani nao. Nawaambia wahesabu: ni sura ngapi za Wakongo utakazozitambua ukikutana nazo tena ukurasa unaofuata? Kisha wahesabu Wachina wa kitabu cha pili vivyo hivyo, waandike namba zote mbili pembeni ya fotokopi.

Wajapani, maadui katika Le Lotus bleu, nao msiwaruke. Zhang hakuwa na sababu ya kuwatetea, na mkono wa Hergé ukarudia uvivu wake wa Congo: miwani na meno ya mbele.