Namna ya Kusoma Alama za Viumbe wa Bahari kwenye Miamba ya Pwani

Mwalimu wa Uganda anayewapeleka wanafunzi wake Mombasa kwa somo la jiografia asiridhike na jibu kwamba miamba ya pwani humomonyolewa na mawimbi pekee. Viumbe wadogo wana sehemu kubwa katika kazi hiyo, na alama zao huonekana kwa macho.

Maandalizi yaanze darasani. Dondosheni siki kwenye unga wa jiwe la chokaa la Tororo, kisha kwenye kipande cha itale. La kwanza litatoa mapovu, la pili halitatoa. Mwamba wa matumbawe ambao Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa juu yake mwaka 1593 nao ni wa chokaa, kwa hiyo asidi huuyeyusha.

Nendeni ufukweni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakiwa yanakupwa. Tazameni kwanza jiwe lenye rangi nyeusi au ya kijivu. Mara nyingi rangi hiyo hutokana na sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, ambao hujichimbia ndani ya jiwe hadi pale mwanga unapokoma. Konokono huwafuata ili kuwala, kwa kukwangua jiwe lenyewe, na pamoja nao kitoni, mnyama bapa mwenye magamba manane mgongoni, ambaye meno yake yamefunikwa kwa magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kila tabaka likiondolewa, mwanga hupenya ndani zaidi, sianobakteria huchimba upya, na walaji huwafuata tena. Hili ndilo jambo la kulikazia zaidi, kwa sababu bila hao wachimbaji wasioonekana walaji wasingekuwa na haja ya kukwangua jiwe. Tumieni lenzi ya mkono kutafuta mikwaruzo myembamba iliyo sambamba.

Tundu laini la mviringo, lenye upana wa kidole, huenda ni la kome mwenye umbo la kokwa ya tende, anayeyeyusha chokaa kwa majimaji ya mwili wake. Vitundu vidogo vilivyosongamana huwa vya sponji, wanyama wa baharini wanaokaa mahali pamoja. Vishimo vyenye maji huchimbwa na wanyama wa mviringo wenye miiba na meno matano, msiwakanyage.

Mkiona mwamba umelika kwa chini na sehemu ya juu imening'inia, pimeni kina cha mkato huo, kisha mwandike ni alama zipi zimo ndani yake. Pale chaza walipoufunika mwamba, andikeni hivyo pia, maana magamba yao huweza kuukinga. Msimbandue mnyama yeyote, na kila jiwe mlilolipindua mlirudishe lilivyokuwa.