Kubadilisha betri ya pikipiki ya motokrosi: kutoka ya risasi hadi ya lithiamu

Kutoa betri ya zamani na kufunga mpya ni kazi ya robo saa. Betri nyingi za lithiamu zinazokufa mapema haziuawi na hiyo robo saa. Zinauawa na mfumo wa chaji ambao haukupimwa, na umeme unaovuja pikipiki ikiwa imezimwa, na chaja ya zamani isiyofaa. Kwa hiyo vipimo vinakuja kwanza hapa, na spana baadaye.

Unapata nini hasa

Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ile iliyozibwa ya ukubwa wa saa-ampia 4 (saa-ampia ni kipimo cha akiba ya umeme), ina uzito wa karibu kilo 2. Ya lithiamu inayochukua nafasi yake huwa kati ya nusu kilo na kilo moja. Kilo moja na nusu si kitu kikubwa kwa pikipiki ya kilo 110, na ukipunguza lita mbili za petroli kwenye tangi umepata nafuu ileile bure. Tofauti ni kwamba betri hukaa juu, chini ya siti, na uzito ulio juu ndio unaosikika pikipiki inapolazwa kwenye kona au kunyanyuliwa baada ya kuanguka. Faida nyingine, ambayo kwa wengi ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba volti haianguki sana unapopiga stata. Mota ya stata inazunguka kwa kasi hata injini ikiwa ya moto na ngumu kuwaka.

Soma kwanza lebo ya betri iliyomo. Baadhi ya pikipiki za miaka ya karibuni, Honda CRF450R tangu toleo la 2018 ikiwemo, hutoka kiwandani na lithiamu. Kama ndiyo hali yako, unabadilisha kilichochakaa tu na sehemu kubwa ya vipimo vya chini haikuhusu sana.

Lithiamu inayofaa hapa ni ile ya fosfeti ya chuma, ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Ina seli nne zilizounganishwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla 12.8. Inavumilia joto na misukosuko kuliko lithiamu za simu na kompyuta. Usijaribu kujiundia betri kwa seli za aina hizo nyingine: seli tatu zake hazifiki volti zinazotakiwa, na nne zinapita kiwango cha chaji ya pikipiki.

Pima kabla ya kununua

Unahitaji mita ya umeme ya kawaida. Chaji betri ya zamani ijae, irudishe kwenye pikipiki, washa injini, kisha weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri, mita ikiwa kwenye volti za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri. Piga resi hadi mizunguko kama 5,000 kwa dakika na usome.

Kati ya 13.8 na 14.6 ni salama. Ukiona chini ya 13.5, lithiamu haitajaa kamwe. Itakuwa inakula akiba yake kidogo kidogo kila unapopiga stata, hadi siku moja ikatae ukiwa mbali. Ukiona zaidi ya 14.8, acha kabisa. Rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe wa kuchaji betri na kudhibiti volti zake, imeharibika au haikuundwa kwa kazi hii, na betri ya risasi ilikuwa inaficha ubovu huo kwa kugeuza umeme wa ziada kuwa gesi na joto. Lithiamu haina uvumilivu huo: seli zinapita volti 3.7 kila moja, zinavimba, na haziponi. Badilisha rektifaya kwanza, pima tena, ndipo ufikirie betri.

Hamisha mita kwenye volti za AC, yaani umeme wa mkondo geu, ukiwa kwenye resi ileile. Usomaji ukizidi nusu volti, kuna diodi (kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) imekufa ndani ya rektifaya na umeme ghafi unapenya hadi kwenye betri. Pikipiki za zamani zilizoundwa kwa kiki tu, ambazo taa zake zinatumia AC moja kwa moja kutoka kwenye koili inayozalisha umeme kwenye injini, mara nyingi hazina chaji ya kutosha kulisha betri yoyote. Kuziwekea stata ni mradi mwingine kabisa.

Kipimo cha tatu ndicho watu hukiruka. Zima swichi, fungua waya wa hasi kwenye betri, kisha weka mita katikati ya kichwa cha hasi na ule waya, ukianzia kwenye kiwango cha ampia 10 na kushuka hadi miliampia. Usiguse stata wakati huu, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki isiyo na saa wala kifaa cha nyongeza inatakiwa isome chini ya miliampia 1. Sasa piga hesabu: miliampia 10 ni saa-ampia 0.24 kwa siku. Betri ndogo ya lithiamu yenye saa-ampia 2 inaisha kabisa ndani ya siku nane hivi. Ile ya risasi yenye 4 ingedumu mara mbili yake, na ikiisha ungeichaji ikarudi, ingawa imeumia. Lithiamu iliyokaushwa hadi mwisho mara nyingi hairudi. Ukikuta uvujaji, chomoa plagi ya rektifaya na uangalie mita tena. Ikishuka hadi sifuri, mwizi umempata. Isiposhuka, endelea na vifaa vya nyongeza: chaja ya simu ya kwenye usukani, kifaa cha ramani, taa zilizoongezwa.

Namba za kwenye lebo

Hapa watengenezaji wanachanganya watu. Saa-ampia zinazoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za kulinganisha, yaani "inafanya kazi kama betri ya risasi ya saa-ampia 7", na uwezo halisi huwa karibu theluthi ya hapo. Njia ya kuupata ukweli ni kutafuta namba ya Wh (saa-wati, nishati yote iliyomo) na kuigawa kwa 12.8. Betri ya Wh 24 ina saa-ampia 1.9 basi, hata kama ubavuni imeandikwa 6.

Kwa kuwasha injini hilo si tatizo. Kinachofanya kazi hapo ni ampia za kuwashia, zile za CCA, na hizo zisiwe pungufu ya zile za betri ya kiwandani. Ziangalie kwa jicho la shaka pia: kipimo cha asili hufanywa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30, ilhali namba nyingi za lithiamu zimepimwa kwenye joto la kawaida kwa sekunde chache. Ukiwa na feni ya redieta, taa zinazowaka muda wote au pampu ya mafuta ya injekta, chukua saizi moja juu ya ile ndogo inayotosha. Gramu 200 za ziada ni bei nafuu kuliko kusukuma pikipiki mchangani.

Chagua yenye sakiti ya ulinzi ndani, inayosawazisha seli na kukata umeme kabla betri haijakauka. Na kabla ya kulipa, hakikisha kichwa cha chanya kiko upande uleule na cha betri ya zamani, ukizitazama zote mbili zikiwa zimekuelekea vilevile. Nyaya za pikipiki hizi ni fupi. Kikiwa upande mwingine hutafika, au utafika kwa kupitisha waya juu ya chuma, ambako mtikisiko utaukwangua.

Kufungua na kufunga

Betri mpya usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi. Nyingi husafirishwa zikiwa nusu. Ipime ikiwa imetulia: 13.3 au zaidi imejaa, 13.1 iko katikati, na 12.8, namba ambayo kwa betri ya risasi ingekufurahisha, hapa ina maana imebaki na chaji kidogo. Ichaji kwa chaja ya lithiamu inayoishia kati ya 14.4 na 14.6.

Chaja za zamani zenye hali ya kufufua betri zitupe mbali na kazi hii. Hali hiyo hupiga mapigo ya volti 15 na kupita ili kuvunja salfeti iliyoganda kwenye sahani za risasi. Ndani ya lithiamu hakuna salfeti ya kuvunjwa, na kinachovunjika ni sakiti ya ulinzi au seli zenyewe. Tatizo ni kwamba chaja nyingine huingia hali hiyo zenyewe zikiona volti ziko chini, bila kukuuliza.

Osha pikipiki na uiache ikauke kabla ya kutoa siti, maana betri mara nyingi iko jirani na boksi la filta na mchanga ukiingia humo utaishia kwenye silinda. Spana ya milimita 8 na ya 10, pamoja na bisibisi ya nyota, kwa kawaida zinatosha. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Fremu nzima ni hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umeunganisha betri yote kupitia spana hiyo, na lithiamu hutoa mkondo mkali sana kwa sekunde hiyo moja. Wakati wa kufunga unageuza: chanya kwanza, hasi mwisho.

Sugua vishikio vya nyaya kwa msasa laini hadi ving'ae. Kutu kidogo ambayo betri ya zamani ilivumilia inaonekana mara moja kwa volti kushuka wakati wa stata.

Kasha la lithiamu mara nyingi ni fupi kuliko la zamani, na ndiyo maana boksi lina vipande vya sponji ngumu yenye gundi. Vibandike chini na ubavuni, si juu peke yake, mpaka betri ikae bila kucheza hata ukiisukuma kwa kidole gumba. Betri ikicheza, kila ruka inageuka nyundo ndogo juu ya viungo vya seli ndani, na viungo hivyo vikikatika betri inasoma volti nzuri kabisa ikiwa imetulia lakini inaanguka hadi sifuri ukigusa stata. Mkanda wa mpira wa kiwandani unaweza kuwa mrefu kupita kiasi kwa kasha jipya. Tafuta mfupi, usiufunge fundo.

Bolti ni jambo dogo linaloharibu betri nyingi. Tumia zile zilizokuja nayo. Bolti ndefu ya zamani inagota mwisho wa tundu kabla ya kubana waya. Mkono unasikia imekaza, kumbe waya umelegea. Kaza kwa mkono hadi ishike, kisha ongeza kama robo ya mzunguko. Vichwa hivi ni vya chuma laini vilivyopachikwa kwenye plastiki, ukivilazimisha vinazunguka na betri imekwisha siku ya kwanza. Ukiwa na waya wa nyongeza, uweke juu ya waya mkubwa wa stata, usiwe kati ya huo na betri. Malizia kwa grisi kidogo juu ya viungo, na kifuniko cha mpira upande wa chanya.

Washa injini na urudie kipimo cha chaji kwenye 5,000. Kisha nenda kwenye stata: volti zikishuka chini ya 10 wakati inazunguka na betri imejaa, kagua kiungo, waya wa hasi unaoingia kwenye fremu, na rilei ya stata (swichi inayopeleka umeme kwenye mota), kwa mpangilio huo.

Tabia zake barabarani na gereji

Kwenye baridi lithiamu huamka polepole. Ukipiga stata ikazunguka kwa uvivu, usiendelee kuibana. Washa taa ya mbele kwa dakika moja au mbili, au piga stata mara fupi tatu huku ukipumzika katikati. Mkondo unaotoka unaipasha seli joto kutoka ndani, na jaribio la nne linakuwa na nguvu kuliko la kwanza. Betri ya risasi hufanya kinyume, kwa hiyo waliozoea ile hudhani mpya ni mbovu. Chini ya nyuzi sifuri usiichaji kwa chaja. Iingize ndani kwanza ipate joto.

Stata isizidi sekunde 5 hadi 10 kwa mara moja, kisha pumziko la nusu dakika au zaidi.

Betri yenye sakiti ya ulinzi ikikata ghafla, mita itasoma karibu sifuri ingawa chaji imebaki. Nyingi huamka zikiunganishwa na chaja sahihi, na baadhi zina kitufe. Kuiazima umeme kutoka kwenye gari kunawezekana, ila injini ya gari iwe imezimwa: lithiamu iliyokauka inameza mkondo wote inaopewa, na jenereta ya gari ina mkondo mwingi kuliko uwezo wa betri hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, kuwasha kwa kusukuma na kisha kukimbia kwa resi kubwa na betri iliyokufa kabisa kunaichemsha betri na koili kwa pamoja.

Usifungue kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, hata kwa kujaribu tu. Rektifaya ikipoteza betri ghafla hutupa volti juu kwa muda mfupi, na anayelipa ni kompyuta ya injini.

Pikipiki ikikaa zaidi ya wiki mbili, chomoa hasi. Ikiachwa hivyo inapoteza chaji kidogo sana, kwa hiyo kuipima kila miezi miwili au mitatu kunatosha, na ukikuta imeshuka karibu 12.8 ichaji. Iliyovimba, iliyotobolewa kwenye ajali au inayopata joto ikiwa imetulia haifungwi tena wala haichajiwi: itoe, iweke nje mbali na vinavyoshika moto, kisha ipeleke inakopokelewa taka za betri pamoja na ile ya risasi uliyoitoa.