Kusoma PMS5003 kwa ATtiny85: siriali ya programu kwa C

ATtiny85, kompyuta ndogo ya chipu moja, haina UART, yaani saketi ya kutuma na kupokea data biti mojamoja kwa waya. PMS5003, kihisi cha vumbi laini hewani, kinaongea kwa UART tu: baudi 9600, biti 8, bila pariti. Rafiki yangu alizikutanisha hizi mbili. Waya ulikuwa sawa, msimbo ulikuwa sawa, na bado alipata namba za ajabu. Kama nawe umekwama hapo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

1. Waya. Kihisi kipewe volti 5 kwa ajili ya feni, lakini TX yake (pini ya kutuma) inatoa 3.3. ATtiny ikiwa kwenye volti 5 inataka angalau 3.0 ndipo ihesabu moja, kwa hiyo mimi naiwasha kwa 3.3. TX iende pini PB2, ardhi ziunganishwe.

2. Fyuzi, yaani mipangilio ya chipu inayobaki hata umeme ukizimwa. Chipu mpya inakimbia MHz 1. Ipandishe hadi 8:

```
avrdude -c usbasp -p t85 -U lfuse:w:0xE2:m
```

3. Kupokea baiti. Sitaki maktaba wala interapti hapa. Chipu haina kazi nyingine, acha isikilize. Kwa 9600, biti moja ni mikrosekunde 104. Subiri biti moja na nusu tangu laini ishuke, uangukie katikati ya biti ya kwanza:

```c
uint8_t soma(void) {
  uint8_t b = 0;
  while (PINB & (1 << PB2));
  _delay_us(156);
  for (uint8_t i = 0; i < 8; i++) {
    b >>= 1;
    if (PINB & (1 << PB2)) b |= 0x80;
    _delay_us(103);
  }
  return b;
}
```

Ile 103 si kosa la uchapaji: mzunguko wenyewe unakula karibu mikrosekunde moja. Kompaili kwa `-Os`, la sivyo `_delay_us` haitabiriki.

4. Saa. Hapa ndipo watu wanapokesha. Saa ya ndani ya ATtiny85 inatoka kiwandani ikiruhusiwa kukosea hadi asilimia 10. Biti ya nane inasomwa biti 8.5 baada ya mwanzo. Ukikosea asilimia 10 umeteleza biti 0.85, yaani unasoma jirani yake. Volti na joto navyo vinaisogeza, ndiyo maana kitu kinaweza kufanya kazi mezani kisha kikaharibika juani. Na usijithibitishe kwa kutuma baiti kwenye kompyuta kutoka chipu hiyohiyo: saa mbovu itapotosha na ushahidi.

Dawa ni kutumia kihisi chenyewe kama rula. Kila fremu (furushi moja la baiti kutoka kihisi) inaanza na 0x42. Biti yenye thamani ndogo kabisa hutangulia, na ya kwanza ni sifuri, kwa hiyo baada ya kimya, laini inashuka kwa biti mbili kamili: ile ya kuanzia na hiyo sifuri. Ni mikrosekunde 208, na taima ikigawanywa kwa 8 inahesabu mikrosekunde mojamoja. OSCCAL ni rejista inayoongeza au kupunguza kasi ya saa:

```c
void rekebisha(void) {
  TCCR0B = 1 << CS01;
  ngoja_kimya();
  while (PINB & (1 << PB2));
  TCNT0 = 0;
  while (!(PINB & (1 << PB2)));
  uint8_t t = TCNT0;
  if (t < 206) OSCCAL++;
  if (t > 210) OSCCAL--;
}
```

`ngoja_kimya()` iandike mwenyewe: laini ikae juu milisekunde 10 mfululizo. Usiifupishe, maana ukianzia katikati ya fremu utapima biti usizozijua na kuiharibu saa iliyokuwa nzima. Rudia `rekebisha()` hadi `t` itulie kati ya 206 na 210, na uifanye kila chipu inapowaka. Kuhifadhi thamani kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa) sipendi, kwa sababu ya lile joto. Tahadhari moja: OSCCAL isivuke kutoka 127 kwenda 128, hapo masafa yanaruka kurudi chini.

5. Fremu. Baiti 32. Jumla ya 30 za mwanzo ilingane na mbili za mwisho. Isipolingana, tupa fremu nzima, ijayo iko njiani. PM2.5, yaani vumbi la mikromita 2.5 kushuka chini, ni `(uint16_t)f[12] << 8 | f[13]`, kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo.