Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufuga Mbwa kwa Gharama Nafuu

Anayepewa mtoto wa mbwa bure na jirani huona amepata mlinzi bila kutoa hata shilingi, ilhali hesabu huanza siku mbwa huyo anapovuka geti. Gharama zake zinaweza kupunguzwa sana, mradi mfugaji aamue mapema mahali pa kubana na mahali ambapo kubana ni kujiongezea deni.

Chakula ndicho hula fedha kila siku, hivyo kipangwe kwanza. Si lazima kununua chakula cha mifuko kinachoagizwa kutoka nje. Mbwa wa nyumbani huishi vizuri kwa ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, au utumbo na mapafu kutoka buchani, pamoja na mboga kidogo, ilimradi kitoweo kiwe cha kutosha na si cha kunusishwa tu. Ugali mtupu humshibisha bila kumjenga. Zungumza na mwenye bucha kabla mbwa hajafika, umwombe akuwekee mabaki ya siku fulani za wiki, kisha uyachemshe mpaka yaive kabisa, kwa kuwa mapafu na maini ya mbuzi na kondoo huweza kuwa na malengelenge ya minyoo ambayo hukomaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakamrudia binadamu kupitia kinyesi. Mchuzi wa jana wenye vitunguu vingi usimpe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha.

Jambo linalowatia wengi hasara ni unga ulioota ukungu, ambao huuzwa kwa bei ya kutupa na kuitwa “wa mbwa”. Ukungu wa mahindi huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ini la mbwa si imara kuliko la binadamu. Mbwa anayegoma kula, anayetapika na ambaye fizi zake zimegeuka njano huenda ameshalishwa akiba hiyo.

Chanjo haibaniki. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka kama mtaalamu atakavyoelekeza. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na sindano kadhaa atakazohitaji jirani aliyeng’atwa, ambazo huenda zikakuangukia wewe kuzilipia. Hata hivyo, upo ujanja halali. Chupa moja ya chanjo hii mara nyingi hutosha mbwa 10, na ikishafunguliwa haitunziki, kwa hiyo majirani wakikusanya mbwa wao siku moja hugawana gharama za chupa na nauli ya bwana mifugo. Ulizia pia ofisi ya mifugo ya kata kuhusu kampeni zinazofanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa baadhi ya halmashauri huchanja bure wakati huo. Nami niliwahi kulipia chanjo iliyoletwa ndani ya mfuko wa suruali, saa saba mchana. Ilipaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo nililipia maji tu. Tangu hapo nadai kuliona kasha la barafu kabla sindano haijajazwa.

Kupe ni rahisi kuwazuia kuliko kutibu homa wanayoileta. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, ambako kupe mchanga huonekana kama mbegu ya ufuta. Dawa ya kuogeshea ng’ombe isikadiriwe kwa kifuniko cha chupa: mwulize mtaalamu kama inafaa kwa mbwa na kwa umri huo, kisha ipime kwa bomba la sindano. Dawa za maumivu za binadamu, kama parasetamo na ibuprofeni, zisitumike kabisa. Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito, hivyo mpime kwanza: jipime ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako.

Kuhusu vifaa sina mengi. Sufuria kuukuu hutosha kwa maji, na banda la mbao za paleti lililoinuliwa kutoka ardhini huzidi kwa ubora vibanda vingi vya dukani.

Mwisho, chagua jinsia kwa kalamu na karatasi. Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi sita, na mimba hudumu kama siku 63, kwa hiyo kwa mwaka mmoja unaweza kujikuta unalisha watoto kumi na wawili wasio na wa kuwachukua. Kama fedha ya kumfunga kizazi bado haijapatikana, chukua dume.