Kupiga hesabu ya 4C kwa mgonjwa wa UVIKO-19 anayelazwa

Nimetoka kumwelekeza muuguzi mpya wa wodi yetu, nikaona niiandike na wengine waitumie. 4C ni mfumo wa alama uliotoka Uingereza mwaka 2020, kutokana na taarifa za wagonjwa zaidi ya 35,000 waliolazwa. Inakadiria uwezekano wa mgonjwa kufia hospitalini. Ni ya watu wazima wenye UVIKO-19 tu.

1. Umri: chini ya 50, sifuri, 50–59, alama 2, 60–69, 4, 70–79, 6, 80 na kuendelea, 7. Mwanamume, ongeza 1.

2. Magonjwa sugu: moja, 1; mawili au zaidi, 2. Kisukari, VVU, figo, saratani na unene uliopitiliza vimo. Presha peke yake haihesabiwi, wala pumu.

3. Pumzi na oksijeni. Hesabu nyingi huharibikia hapa, usiharakishe. Hesabu pumzi dakika nzima, na mimi nasisitiza saa yenye mshale wa sekunde. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kukosea pumzi moja ni kukosea nne: mwenye 28 anageuka 32. Wala usimwambie unahesabu, maana akijua atabadili anavyopumua. Mshike mkono kama unayepima mapigo, macho yakiwa kifuani. 20–29, alama 1. 30 na zaidi, 2.

Oksijeni ya damu chini ya asilimia 92, alama 2, ikipimwa akivuta hewa ya kawaida. Ukimkuta tayari ana mpira puani, tafadhali usimtoe kwa ajili ya namba. Tafuta kipimo cha mapokezi. Vidole vya baridi vipashe joto. Rangi ya kucha ifutwe, na mwenye piko tafuta kidole kisichopakwa. Isitoshe, vipimo hivi vya kidoleni huweza kuzidisha kiwango kwa wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 93 ya mgonjwa anayehema siiamini, narudia kupima.

4. Fahamu chini ya 15 kwa kipimo cha Glasgow (15 ni mwenye fahamu kamili): 2.

5. Yurea (taka ya damu inayochujwa na figo) 7–14, alama 1. Zaidi ya 14, 3. Hizo ni milimoli kwa lita; maabara ikikupa miligramu, badilisha kwanza. CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) 50–99, alama 1. 100 na zaidi, 2.

6. Jumlisha. Katika utafiti ule, wa 0–3 alifariki kama 1 kati ya 100. Wa 4–8, kama 10. Wa 9–14, kama 31. Wa 15 kwenda juu, zaidi ya 60. Bibi wa miaka 80 anaanza na 7 kwa umri wake tu, kwa hiyo alama itumike kuamua nani aangaliwe kwa karibu, kamwe si nani anyimwe oksijeni. Failini andika kila kipimo, si jumla pekee, ili daktari wa usiku aone alama zimetoka wapi.